Kurasa za Arobaini ya Hazim

Katika nyumba ya Fundi Wagih, aya hazikusahihishwa kwa macho ya mtu mmoja. Yeye alishika prufu, ile nakala ya majaribio, akasoma kwa sauti, na mkewe Inshirah akashika asili akamfuata neno kwa neno kwa ncha ya kidole. Pakitokea tofauti, hata ya nukta, Inshirah aligonga meza kwa pete yake ya ndoa, na Wagih akasimama hapohapo. Hivyo ndivyo Wagih alivyofundishwa matbaani, kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, alipokuwa kijana, na hivyo ndivyo walivyofanya wao wawili kwa miaka ishirini na saba, kwenye meza ileile ya chakula iliyotandikwa plastiki ya maua.

Jumapili ile kazi yenyewe ilikuwa ndogo, kijitabu cha kurasa kumi na sita. Ndani yake mlikuwa na sura inayosomewa maiti, dua chache, na juu ya jalada picha ya Hazim, kijana wa ghorofa ya tatu. Alikuwa akipeleka vyakula kwa pikipiki, na lori likampitia kwenye barabara ya mzunguko. Alhamisi angetimiza siku arobaini kaburini. Mama yake aliuza bangili mbili akalipia karatasi na chapa, nakala mia tano, ili kila atakayeifungua amsomee mwanawe. Ujira wa kupanga kurasa Wagih aliukataa. Alisema mtoto huyo alimbebea mitungi ya gesi hadi ghorofa ya tano tangu akiwa na miaka kumi na mbili, na hakuwahi kumlipa chochote.

Wagih alisoma. Sauti yake ilikuwa nzuri siku zote, nzito na yenye subira, lakini siku hiyo ilitiririka bila hata kujikwaa. Kidole cha Inshirah kilikimbia ili kisiachwe. Pete haikugonga meza hata mara moja.

"Leo unasoma kama mwanafunzi aliyemwona mkaguzi mlangoni," Inshirah alimtania.

"Mkaguzi mwenyewe ananukia vitunguu," Wagih akajibu, naye Inshirah akakumbuka maharage yake jikoni.

Aliona jambo moja dogo. Wagih alikuwa amekwisha anza mstari wa kwanza wa ukurasa wa tatu ndipo mkono wake ukageuza karatasi, kama mtu aliyekumbushwa. Inshirah aliliona, na wakati huohuo akasikia sufuria ikifurika, akaenda kupunguza moto. Aliporudi waliendelea walipoachia. Mwishoni Wagih aliandika chini ya prufu, kama ilivyo desturi, kwamba imesomwa na ichapwe, akatia saini. Mkia wa saini ulitoka nje ya karatasi ukaishia kwenye plastiki, juu ya maua. Inshirah akatia alama yake ndogo pembeni, ya msikilizaji, kisha akaufuta wino mezani kwa kitambaa chenye maji.

*

Alhamisi baada ya alasiri, wanawake wa jengo na wa mtaa walijaa sebuleni kwa Mama Hazim. Wanaume walikuwa chini barabarani, kwenye viti vya kukodi. Kahawa ilipitishwa bila sukari. Vijitabu vilikuwa ndani ya sinia la shaba kando ya mlango, na kila aliyeingia alichukua kimoja, akabusu vidole vyake, akakaa. Mia tatu vilikwisha gawiwa msikitini baada ya adhuhuri. Vijana wa pikipiki, wenzake Hazim, walikuja kabla ya wengine wote. Walichukua vingi wakavichomeka chini ya vioo vya pikipiki zao, wakaondoka kuwahi oda.

Mama Hazim alikuwa mwanamke mwembamba asiyejua kusoma. Alikishika kijitabu chake kifuani, picha ikitazama nje, kana kwamba Hazim naye angependa kuwaona waliokuja. Kila mgeni alipokisifu, alielekeza kidevu kwa Inshirah. Alisema ni Fundi Wagih wa juu huyo, amekipanga kwa mkono wake, kazi kama za vitabu vya maktaba, na hakuchukua hata piasta moja ya ujira. Inshirah alitazama chini, sikio moja likiwa moto kwa furaha aliyoona aibu kuwa nayo kwenye matanga.

Ndipo wifi yake Mama Hazim, Mwalimu Afkar, alipojitolea kuwasomea wasiojua kusoma. Alifundisha shule ya msingi, sauti yake ilizoea kufika dawati la nyuma. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, wanawake wakayumba taratibu pamoja naye. Akaufungua wa tatu, akasoma maneno manne, akanyamaza. Akarudi mwanzo wa mstari, akasoma tena yaleyale manne na la tano, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Kuna nini, wifi?" Mama Hazim aliuliza. "Endelea. Umechoka?"

"Sijachoka." Mwalimu Afkar aligeuza kurasa mbele na nyuma. "Hapa siyo. Hii siyo sura yenyewe. Hapa ni mambo ya talaka na kunyonyesha watoto, tena nusunusu, yamekatwa katikati."

Wanawake waliojua kusoma waliinamia nakala zao, mmoja akaanza kuvuta istighfari, kumwomba Mungu msamaha, chini kwa chini. Mama Hazim aliwaangalia mmoja mmoja, akitafuta usoni mwao kile alichoshindwa kukitafuta kwenye karatasi.

"Nani amechapa kitu hiki?" mwanamke mmoja wa mtaa wa nyuma akauliza, maana yeye alichelewa na hakusikia zile sifa.

Hakujibiwa, na hilo lilimwumiza Inshirah kuliko kama angejibiwa. Alifungua nakala iliyokuwa mapajani mwake. Ukurasa wa tatu ulikuwa mzuri. Khati yake, ule mwandiko wa kalamu, imesimama sawa, pambo la kijani limeuzunguka, mistari imelingana. Mtu akiutazama kutoka mbali hawezi kuona kosa lolote. Lakini maneno yalikuwa ya mahali pengine kabisa, na ukurasa wa nne vilevile. Na yeye Inshirah, Jumapili, kidole chake kikiwa juu ya asili, alisikia kwa masikio yake mwenyewe kurasa hizo mbili zikisomwa sawasawa, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

Aliomba ruhusa kwa sauti isiyosikika, akatoka. Nyuma yake alimsikia Mama Hazim akiuliza, "Sasa wale wote wamemsomea nini mwanangu?"

*

Wagih hakuwa amekaa sana na wanaume barabarani. Alikuwa nyumbani, chumbani, kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, mikono juu ya vibonyezo. Inshirah alisimama mlangoni akamtazama kwa muda. Akakisogelea kiti, akakifungua kijitabu ukurasa wa tatu, akakiweka mikononi mwake.

"Nisomee hapa, Baba Nihal," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao kama siku zote.

"Sasa hivi? Si tulikisoma?"

"Nisomee tu."

Wagih akakiinua kijitabu, akakiweka umbali wa mkono mmoja, akasoma. Alisoma kwa sauti ileile ya subira, akavuta pale pa kuvutwa, akapumzika pale pa kupumzika. Hakuacha neno. Ilikuwa sura ya maiti kama inavyotakiwa iwe, na hapakuwa na hata neno moja la hayo kwenye karatasi aliyoishika. Inshirah alimwachia mpaka chini ya ukurasa. Hakugonga chochote. Alivua pete akaitia mfukoni mwa gauni.

"Hayo siyo yaliyoandikwa hapo," alisema.

Wagih alishusha kijitabu mapajani polepole. Akauliza imeandikwa nini. Inshirah akamweleza, na yale yaliyotokea chini akamweleza. Wagih hakubisha wala hakuomba kuona. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ni miezi minne sasa. Ni ile sukari yake. Katikati ya kila jicho limekaa doa la kijivu, na doa hilo huenda anakotazama. Pembeni anaona. Mlango anauona, jiko analiona, ngazi anazijua. Anachokielekea ndicho kinachofutika.

"Nikikutazama usoni," alisema, "naona mtandio na mabega."

Hospitali ya macho walimwambia kuna sindano, moja kila mwezi kwa kila jicho, na aliposikia bei alimshukuru daktari akaondoka. Hakumwambia mtu. Kazi yenyewe vidole vilikuwa vinaijua. Miaka yote hiyo kwenye programu ya kupangia kurasa vilijua njia zake kama mtu anavyojua njia ya chooni mwake: bonyeza hiki na kile, fremu inafunguka, vitatu kwa pamoja, maandishi yanakaa sawa pande zote mbili. Mwili wa maandishi aliutambua kwa weusi wake, kama mtu anavyolitambua kundi la watu kwa mbali bila kujua nyuso.

"Sasa aya zimeharibikaje?" Inshirah aliuliza. "Wewe huchapi aya kwa kidole."

Hakuchapa. Mpangaji mwenye akili hachapi aya herufi kwa herufi. Zilichukuliwa kutoka kwenye fonti maalumu, yaani seti za herufi za kompyuta, zaidi ya mia sita, kila ukurasa wa msahafu na fonti yake, na ndani ya kila fonti neno zima ni alama moja, kama lilivyotoka kwenye kalamu ya mwandishi wa khati. Kwa hiyo neno haliwezi kukosa nukta wala irabu. Hatari yake ni moja tu, nayo kila mtu wa kazi hii huambiwa siku ya kwanza: kompyuta ikiikosa fonti ya ukurasa huu na kuweka fonti ya ukurasa mwingine, alama ileile inageuka neno jingine. Hakuna kinachovunjika. Kila kitu kinabaki kizuri, ila siyo chenyewe.

Jumapili asubuhi Wagih aliipeleka kazi matbaani kwenye flashi. Haji Shawqi, mwenye matbaa, alikuwa amehamia programu mpya, ile inayolipiwa kila mwezi kwa dola, na kwa sababu ya bei aliiweka kwenye kompyuta moja tu. Watu wakapanga foleni ya kiti. Wagih alipofungua faili, dirisha dogo lilijitokeza katikati ya skrini. Kwa pembeni ya jicho aliona pembetatu ya njano. Chini yake kulikuwa na maandishi, na vitufe viwili.

"Ghada, yule mfanyakazi mwenzangu, alikuwa amesimama nyuma yangu anasubiri kiti," alisema. "Binti mzuri, mpole. Ningemwambia tu, mwanangu, nisomee hapa. Maneno matatu. Nikaona nikisema hivyo, kufikia mchana matbaa nzima itajua."

"Ukafanyaje?"

"Nikabonyeza kukubali, prufu ikatoka, nikaileta nyumbani."

Inshirah aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Alitaka kulia, lakini kilichokuja kwanza kilikuwa hasira, nayo ilimshangaza kwa ukubwa wake. Alimwuliza kwa nini hakumwambia yeye. Mezani, Jumapili, walikuwa wawili tu, hapakuwa na Ghada wala Haji. Angezishika yeye prufu na asili zote mbili, angesoma hata mara kumi.

"Ungenihurumia," Wagih alisema.

"Kwa hiyo ukaona bora unifanye shahidi wa uongo. Alama yangu ipo pale, Wagih. Nimeitia kwa mkono wangu kwamba nimesikia."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina lake hivyo. Wagih akaelekeza uso kwake, mahali ambapo sauti ilikuwa, na Inshirah akaona kwa macho yake jambo ambalo lingekuwa wazi miezi minne yote kama angelitazama: macho ya mumewe yalitua kidogo kando ya sikio lake.

*

Vijitabu vyenye kosa katika aya haviuzwi, havitupwi, havifungiwi karanga. Lazima vikusanywe vyote na vichomwe mahali safi. Basi jioni hiyo kabla jua halijazama, na Ijumaa kutwa, mume na mke walishika njia na mfuko wa unga mtupu, wakavirudia.

Walianza msikitini. Imamu aliwasaidia bila kuuliza mengi. Kisha wakaenda dukani kwa muuza maharage, kwenye duka la dawa, kwa kinyozi. Kila mahali Inshirah alitangulia kusema, na kila mahali maneno yakatoka yaleyale: samahanini, kuna kosa la chapa, tunaomba mtupe. Wengi waliwapa kwa adabu. Kinyozi alikitafuta cha kwake, akakifungua kabla ya kukitoa, akasoma, akacheka kidogo puani.

"Fundi Wagih," alisema, "wewe si ndiye uliyemkatalia mwanangu uanafunzi matbaani, kwamba hana makini?"

Wagih alijibu kwamba ndiye yeye. Kinyozi akaona aibu ya mzaha wake mwenyewe, akawatia kijitabu mfukoni na kuwafungulia mlango, jambo ambalo halikuwasaidia. Huko nje Wagih alikanyaga vibaya ukingo wa njia, na Inshirah akamshika mkono. Hakumwachia tena. Watu wa mtaa waliokuwa hawajui walijua wakati huo, kwa kuona mke akimwongoza mume kwa kiwiko mchana kweupe.

Vile vya pikipiki hawakuvipata ila sita. Vijana walikuwa wametawanyika mji mzima, na kimoja, walivyosikia, kilipeperuka darajani.

*

Jumamosi walikwenda kwa Haji Shawqi. Hakuwapigia kelele. Wagih alikuwa amejiandaa kwa kelele, na kuzikosa kukamnyong'onyesha. Haji aliagiza chai, akafunga mlango wa kioo ili mngurumo wa mashine upungue, akaitoa prufu kwenye droo na kuilaza mezani, saini juu na alama ya msikilizaji pembeni.

Inshirah ndiye aliyezungumza. Aliomba kurasa mbili tu zichapwe upya, atazibandika yeye mwenyewe nyumbani, kijitabu baada ya kijitabu, na bei ya karatasi ikatwe kwenye ujira wa Wagih. Haji alimweleza bila haraka kwamba mashine haichapi kurasa mbili, inachapa karatasi kubwa yenye kurasa kumi na sita, na kwamba tatizo lake siyo karatasi.

"Tatizo langu ni hapa chini," alisema akigusa prufu. "Safari hii nani atatia saini?"

"Mimi," Inshirah alisema. "Nitasoma mimi."

"Wewe ni nani kwetu, Mama Nihal? Nakuheshimu. Lakini wewe ni nani?"

Kisha akamgeukia Wagih. Walijuana tangu wote wawili wana nywele nyeusi, na alipozungumza naye alilainisha sauti, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Fundi, ndugu yangu. Nisomee kalenda ile pale ukutani, leo tarehe ngapi."

Wagih alinyanyua uso kuelekea ukutani, akabana macho kidogo kama mtu anayesoma, akataja siku na tarehe, ya miladi na ya hijria. Zote zilikuwa sahihi. Haji Shawqi akainamisha kichwa juu ya chai yake. Ukutani hapakuwa na kalenda. Palikuwa na picha ya marehemu baba yake Haji, ndani ya fremu nyeusi, yule aliyemwajiri Wagih.

Inshirah alijua kwamba Wagih amefahamu, kwa sababu hakuna aliyesema kitu, na kimya kile hata asiyeona angekiona. Haji alisema mambo mengine yaliyobaki akiwa ameinama. Watu wakiuliza, na watauliza maana mambo ya aya hayafichiki, atalazimika kusema kazi ililetwa na saini ya fundi. Asije kesho. Mshahara wa mwezi huu atautuma wote na Ghada. Wagih aliitikia kila jambo kwa kusema sawa. Walipokuwa wameinuka, Haji alikohoa.

"Na ile flashi ya fonti, Fundi. Kama hutaitumia. Ya kwetu hapa haijakamilika, ndiyo maana..."

Hakumalizia. Wagih aliingiza mkono mfukoni. Fonti zile alizikusanya yeye, ukurasa kwa ukurasa, akazihamisha kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa miaka kumi na tano, mia sita na zaidi bila kupungua hata moja. Aliiweka flashi mezani, akaisukuma kwa kidole mpaka ilipogusa sahani ya kikombe. Kwenye njia ya kutokea Ghada aliinuka kutoka kiti kile kimoja akamwamkia. Wagih alimwitikia, akielekeza uso kwenye mashine iliyokuwa kando yake.

*

Walichoma vijitabu siku ya Jumapili juu ya paa, saa za asubuhi, upepo ukiwa haujaamka. Katikati ya madishi ya satelaiti na matundu ya njiwa ya jirani, Inshirah aliosha debe la samli mara tatu, akaliweka juu ya matofali. Kati ya nakala mia tano walikuwa wamepata mia nne na kumi na nane.

Alipochukua ya kwanza ili aitie motoni, uso wa Hazim ulimtazama. Alikuwa amevaa koti la kuazima, la harusi ya dada yake, na alikuwa akijizuia kucheka. Inshirah hakuweza. Akalichana jalada, akalitenga kando, akatia kurasa tu. Kisha akafanya hivyo kwa ya pili. Wagih, aliyekaa kwenye kigoda karibu na debe, aliuliza anachana nini, na alipoambiwa hakusema lolote. Alinyosha mkono akasaidia. Vidole vyake vilipata pini za katikati upesi, vikazing'oa bila kurarua. Alisema karatasi hii ilikuwa nzuri, gramu themanini, Mama Hazim hakupunjwa. Wakaendelea hivyo, kurasa zikigeuka jivu debeni na majalada yakipanda kwenye boksi, mpaka boksi likajaa nyuso karibu mia nne za mtu mmoja.

Zilikuwa zimebaki kama thelathini waliposikia kandambili kwenye ngazi. Mama Hazim alitokea mlangoni mwa paa akihema. Toka Alhamisi hakuwa amewagongea, wala wao hawakuthubutu kumgongea. Nakala yake ameishika vilevile kifuani, picha ikitazama nje.

Alisema imamu amemwambia hata hiki lazima kichomwe. Akafika mpaka kwenye debe, akanyosha mkono nacho juu ya moto, akakaa hivyo mpaka Inshirah akaogopa ataungua. Halafu akaurudisha mkono. Aliona boksi la majalada. Alilitazama kitambo, uso wake ukabadilika, akageuka upande mwingine.

"Fundi," alisema, "mimi sijui kusoma. Watu wamesoma mambo mengine juu ya mwanangu, na arobaini hairudi. Hiki ndicho kilichobaki. Nishikie wewe, nisomee ile yenyewe iliyotakiwa iwemo. Umeijua kwa moyo, wananiambia. Nisomee hapa nisikie, halafu nitakichoma."

Wagih alifuta mikono kwenye suruali. Akapokea kijitabu, na kwa mazoea akakifungua ukurasa wa tatu, akakiinua umbali wa mkono mmoja. Inshirah aliacha kuchana. Alisubiri ile sauti.

Wagih alifungua kinywa. Macho yake yalikuwa juu ya karatasi, juu ya lile doa, na midomo ikatengeneza neno la kwanza, ikasita. Akaanza tena. Alisoma maneno mawili, akasimama, kama Mwalimu Afkar alivyosimama siku ile. Maisha yake yote maneno yale yalikuja yenyewe. Sasa alikuwa akiyatafuta, na kila alilolishika aliliogopa, kwamba huenda nalo ni la mahali pengine. Inshirah alitaka kumtajia lifuatalo, lakini asili ilikuwa chini ndani ya kabati, na yeye bila asili mkononi hakuwahi kuwa na uhakika.

Moto ulirusha cheche moja. Njiwa walitingisha tundu lao. Mama Hazim alisubiri, mikono imeshikana tumboni, zaidi ya vile ambavyo mtu yeyote angesubiri.

"Basi, Fundi," alisema mwisho, kwa upole. "Usijisumbue."

Alikichukua kijitabu taratibu kutoka vidoleni mwake, akakifuta majivu kwa kiganja, akakirudisha kifuani. Walisikia kandambili zikishuka, ghorofa ya tano, ya nne, na mlango wa ghorofa ya tatu ukifungwa.

Wagih bado alikuwa ameinua mikono, umbali uleule.

"Amekwenda nacho?" aliuliza.

"Amekwenda nacho."

Inshirah alichukua nakala nyingine kwenye zile zilizobaki, akalichana jalada, akaliweka juu ya mengine.